Plagini ya tatu

Leo nimeisikia sauti yangu halisi, na sikuipenda.

Asubuhi nilitoka Ruangwa kuja studio hapa Nachingwea, nimalizie ubeti wa mwisho wa wimbo wangu.
Kompyuta ikawa inagandaganda.
Fundi Shaibu akaanza kuzima plagini, vile vijiprogramu vya kurekebisha sauti, moja baada ya nyingine, ajue ipi inasumbua.

Alipozima ya tatu, wimbo ukaenda bila kukwama.
Sauti yangu ikaenda kombo na muziki.

"Hii ndiyo iliyokuwa inakunyoosha," akasema bila kuniangalia. "Usinune, dada. Karibu waimbaji wote huwa tunawawekea."

Kwa ajili ya wimbo huu nilikataa nafasi ya chuo cha ualimu.

"Niirudishe?"
Nikamwambia aache, tusikilize mpaka mwisho.

Ninyi mnaonisifia, mmewahi kunisikia nikiimba bila kompyuta? Semeni kweli.