Siku Walipotaka Kuiombea Tiketi Yetu

Aibu niliyoipata sebuleni kwa Mama Mugo siwezi kumsingizia shetani wala serikali. Niliitengeneza mwenyewe kwa mdomo huu huu, na nawasimulia kwa sababu nusu ya Wakenya wa Birmingham wanaisimulia tayari, kila mmoja akiitia chumvi yake, basi afadhali muisikie kwa mwenye kuaibika.

Mimi shule niliiacha kidato cha pili kule Nakuru na tangu hapo sijatulia mahali (nimeuza mitumba, nimepaka rangi mabanda ya ng'ombe Uskoti, siku hizi napanga maboksi kwenye ghala moja la mtaa wa Washwood Heath), lakini udadisi nimezaliwa nao. Kwa hivyo Deo aliposema anataka likizo ya nchi ya joto, mahali ambapo mimi na yeye tunaweza kutembea tumeshikana mikono bila kugeuka nyuma kila hatua, kazi ya kutafuta niliichukua mimi. Deo ni mpenzi wangu, muuguzi, Mtanzania wa Mwanza, mtu mpole anayeomba samahani hata akigonga mlango kwa bega. Miezi mitatu nikasoma sheria za nchi zenye minazi kama mtu anayesomea uwakili: hii bahari safi lakini watu kama sisi wanafungwa, ile sheria haina neno lakini hoteli zinauliza "vitanda viwili, sivyo?" kwa jicho baya, mpaka nikaangukia Kosta Rika, ambako wanaume wawili wanaoana kisheria na tatizo kubwa la mgeni ni kima kumwibia ndizi. Hoteli nikaiandikia maswali kumi na saba. Yote yakajibiwa, nikachapisha majibu, nikayatia pamoja na tiketi ya San José, mji wao mkuu, kwenye bahasha ambayo nilitembea nayo mfukoni kama hirizi.

Deo alikuwa na sharti moja tu. Mbele ya Wakenya wenzangu nilikuwa namtambulisha kama mpangaji, eti tunagawana nyumba.

"Elijah," akaniambia, "miaka mitano mimi ni mpangaji wako. Nimechoka. Ukiniita hivyo mara moja tena, hiyo Kosta Rika utakwenda na begi lako."

Nikaapa. Na nilikuwa namaanisha, wallahi.

Sasa, siku mbili baadaye niko kwenye basi la Soho Road na sanduku jipya, akapanda Mama Mugo, mama anayefanya kazi ya kutunza wazee na anayemjua kila Mkenya wa mji huu na mamake.

"Haiya, Elijah! Sanduku lote hilo, unaenda nyumbani?"

Kituo changu kilikuwa karibu na maelezo ya kweli yalikuwa marefu. Nikasema, "Ndiyo, Mama, naenda kidogo."

Kama hujaishi ughaibuni, nikueleze: ukishasema unaenda nyumbani, sanduku lako si lako tena. Kufikia Ijumaa nilikuwa nimeletewa viatu vya mamake Mama Mugo, mashine ya kupimia presha, vitamini za mtu wa Eldoret na gauni zima la harusi linalosubiriwa Thika. Nami nilipokea kila kitu! (Nilijiambia nitavituma kwa posta.) Kisha Mama Mugo akapiga simu.

"Huwezi kupanda ndege hivi hivi. Jumapili baada ya kanisa tunakuombea hapa kwangu. Kuja na yule mpangaji wako."

Nilipomweleza Deo, hakukataa. "Nitakuja," akasema. "Nataka nisikie utaniitaje."

Jumapili mchana sebule imejaa, watu kama ishirini, chai na chapati, Deo akishika trei ya vikombe kwa sababu hawezi kumwona mama akihudumu peke yake. Mzee Kiprono, mzee wa kanisa, akasimama na kusema, "Haya, pasipoti na tiketi ziwekwe mezani, tuziwekee mikono."

Desturi hiyo naijua! Hapa tumeombea viza, tumeombea leseni za gari, mara moja tuliombea boila ya maji moto. Nimeisahau vipi?

"Tiketi nimeiacha nyumbani," nikasema, nikiweka pasipoti peke yake mezani.

"Si hii hapa?" Mama Mugo akaichomoa bahasha mfukoni mwa koti langu, koti likiwa mwilini. Akavaa miwani. "Lazima tuitaje ndege kwa jina. San José. Hii San José iko upande gani wa Nairobi?"

"Labda ndege inapumzika hapo," mtu akasaidia.

Akafunua karatasi iliyofuata, akasoma kwa sauti yake ya matangazo ya kanisa: "Wapendwa Elijah na Deo, chumba chenu chenye kitanda kimoja kipana kiko tayari, pamoja na maua ya kusherehekea miaka yenu mitano. Kuhusu swali la tisa, ndiyo, mnaweza kushikana mikono ufukweni. Kuhusu swali la kumi, ndiyo, hata kubusiana. Kuhusu swali la kumi na moja..."

"Mama, inatosha," nikasema.

Mzee Kiprono, aliyekuwa ameshaweka kiganja juu ya pasipoti, akakiondoa kama aliyeshika sufuria ya moto. "Elijah, huyu si mpangaji wako?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini, tena mzuri: hoteli imechanganya majina, kompyuta siku hizi, mnajua. Nikamwangalia Deo pale mlangoni. Hakunikonyeza, hakutikisa kichwa. Alishika trei tu, akingoja.

"Hapana, Mzee," nikasema. "Deo ni mpenzi wangu. Na hatuendi Nairobi."

Nikajua sasa dari linashuka. Kisha sauti ya dada mmoja kutoka nyuma: "Na gauni la harusi je?"

Hapo ndipo makelele yalipoanza. Mzee Kiprono alichukua kofia yake akaondoka na nusu ya watu (mpaka leo hanisalimu), na nusu iliyobaki ikatufuata hadi nyumbani kwetu Handsworth kudai mizigo, wamepanga foleni barabarani nami nikitoa mfuko mmoja mmoja, mpaka jirani yetu Singasinga akauliza kama tumefungua duka.

Mama Mugo alikuwa wa mwisho.

"Hayo mengine sijui niseme nini, namwachia Mungu. Lakini kunidanganya na viatu vya mama wa miaka themanini!"

"Nisamehe, Mama."

Akamgeukia Deo. "Na wewe, mpang..." Akajikatiza. "Wewe, Deo. Umekula lakini?"

Hakuwa amekula. Akampa chapati tatu zilizofungwa kwenye foili. Mimi sikupewa hata kipande.

Mlango ulipofungwa Deo alinitazama akicheka kwa macho, kisha akaenda kufungasha nguo zake. Zangu pia.

Kwa hivyo nimeapa. Siku hizi mtu akiniuliza kwenye basi naenda wapi, namtajia nchi, mji na ninayekwenda naye, kabla hajafikiria mfuko wa kunipa. Wapo wanaokumbuka ghafla kwamba kituo chao ni kile kinachofuata. Sawa, washuke. Mimi na Deo tunaendelea.