Siri Iliyofika Mimbarini

Juzi nilikuwa ofisi ya mtendaji wa kata Ipogolo, nikisubiri barua ya utambulisho. Muuza parachichi mmoja alikuwa amemshtaki mchungaji wake. Alimwendea faraghani kuomba ushauri wa ndoa; Jumapili akayasikia yote kwenye mahubiri.

"Sikutaja jina," mchungaji alijitetea.

"Ulisema muuza parachichi mwenye mume fundi baiskeli. Tuko wangapi?"

"Mama, yale uliyaleta kwa Mungu."

Mtendaji akaweka kalamu chini. "Mungu hajamsimulia mtu, Mchungaji. Umesimulia wewe. Utaomba radhi, au aende mahakamani?"

Mchungaji akaomba radhi, kwa sauti ya chini.

"Sisikii," mama akasema. "Kanisani ulitumia spika."

Tulicheka, mchungaji naye akacheka, akarudia kwa sauti. Joho halimwondolei mshauri wajibu wa kutunza siri, na foleni nzima ilimsikia akikiri kosa.