Chipu Tatu za Ghala la Likunja

Siku ya tisa baada ya kumzika mumewe, Stefano, Winfrida alifungua kibanda chao cha ufundi wa redio na simu pale Nachingwea. Watu walisema amewahi mno.

Kazi iliyobaki ilikuwa moja. Chama cha wakulima wa korosho kilitaka vifaa arobaini vya kupima unyevu ghalani, na Stefano aliahidi kuchagua chipu ya kuviongoza. Alitengeneza vitatu vya majaribio, kila kimoja na chipu ya aina yake, akavifunga katika ghala la Likunja, wilayani Ruangwa. Siku kumi baadaye malaria ikampanda kichwani.

Winfrida akapanda basi la Ruangwa kuvifuata.

"Pole, mwanangu," alisema Mzee Mahamudu, mlinzi wa ghala.

"Nimeshapoa, baba." Alisema kama mtu aliyeulizwa saa.

Akapanda ngazi. Kifaa cha kwanza, chenye chipu ya kujiunga na intaneti, kilikuwa kimezima. Kilimaliza betri siku ya sita kikitafuta mtandao usiokuwepo. Cha pili, chenye chipu ya zamani ambayo Stefano aliijua kama kiganja chake, kilikuwa hai, ila kumbukumbu yake ndogo ilijaa kikafuta vipimo vya wiki ya kwanza. Cha tatu kiliamka kila nusu saa, kikaandika, kikalala tena. Betri yake ilikuwa bado imejaa.

Akakiunganisha na kompyuta, akapitia mistari yote. Akafika Jumanne, saa tisa alasiri, saa aliyokata roho Stefano: unyevu asilimia hamsini, joto nyuzi thelathini na nne. Akautazama mstari ule. Hakuna kilichomjia. Akaendelea na unaofuata.

"Basi tufunge kipi?" aliuliza mzee.

"Cha tatu."

"Marehemu alikitaka cha pili. Alisema hicho cha tatu programu yake ngumu, kikiharibika hapa hana wa kumuuliza."

"Alisema kweli. Lakini cha pili kimepoteza wiki nzima, baba. Nitajifunza."

Alijifunza kwa mwezi mzima, akikosea na kuanza upya. Korosho za kwanza zilipoingia ghalani, vifaa vyote arobaini vilikuwa vimefungwa, na vilifanya kazi.

Siku moja Eva, dada yake Stefano, alimletea ugali kibandani, akakaa akimtazama.

"Wifi yangu, umeshalia lakini?"

"Bado," alisema Winfrida, akanawa mikono, akala.