Hodi ya Mwisho Darini kwa Bimdogo

Saa tatu asubuhi, Kibokoni, Mji wa Kale. Fahmi Sheikhan amesimama chini ya ngazi, kompyuta kwapani, wala hapandi. Kutoka darini huonekana nyua za majirani, na wanawake wamo katika shughuli zao, vichwa wazi. Basi anapaza sauti: "Hodi darini! Fundi napanda!"

"Panda, mwanangu," anaitikia Bimdogo, mwenye nyumba. "Washajistiri."

Leo nyumba hii aliyozaliwa Bimdogo inakabidhiwa mnunuzi, na mlingoti wa intaneti lazima ushuke. Ndio mlingoti wa kwanza wa Fahmi, fundi anayeunganisha nyumba za Mji wa Kale hadi Majengo.

Sebuleni, Bimdogo yuko kwenye simu ya video na bintiye Rahaf, aliye Maskati. "Isikatike, Fahmi," asema. "Nataka aione nyumba yao mpaka nifunge mlango."

Fahmi ana hofu, ingawa anatabasamu. Hapa intaneti ina njia mbili: mlingoti, na waya uliopita ukutani kwa jirani, Nasser. Ruta, vile visanduku vya kupitisha intaneti, hujichagulia njia zenyewe. "Kila ndia ina namba yake," aeleza. "Ndogo huipenda, kubwa huikwepa. Na ruta zasalimiana kutwa. Moja isipoitikia, wenzake huona ishakufa, hutafuta ndia nyengine."

Mwaka wa kwanza aliziwekea muda mfupi mno wa kungoja salamu. Kuamkia Idi, mablanketi ya mtaa mzima yakaanikwa mbele ya mlingoti, yakaziba mawimbi yake. Ruta zikashinda zikizikana na kufufuana, intaneti ikija na kupotea. Bimdogo alicheka mpaka akakaa kitako.

"Mwenzao hajaitikia salamu mara moja tu, washamzika?" alimuuliza. "Wafunze kungoja."

Fahmi akaongeza muda, na hadi leo hajaupunguza. Anaikumbuka dari ya siku zile, harufu ya udi ikipanda ngazini na kahawa ikimfuata juu kabla hajaiomba. Anasema wazi kwamba ataililia.

Sasa anaipandisha namba ya mlingoti, ili ruta ziukwepe na kushika waya wa Nasser. Sebuleni, uso wa Rahaf unaganda.

"Fahmi! Mwanangu kapotea!"

Kidole cha Fahmi kinataka kurudisha namba ya zamani. Anajizuia. Anangoja. Kisha sauti ya Rahaf inarudi, kupitia kwa Nasser: "Nakuona, mama."

Fahmi analegeza skrubu na kuuteremsha mlingoti mwenyewe. Wiki hii, asema, atausimamisha Majengo, kwenye nyumba anayohamia Bimdogo, ili mama na bintiye wasikose simu yao ya kila asubuhi.

Bimdogo ameshika kitasa cha mlango, simu mkononi.

"Mama, usifunge bado," asema Rahaf. "Mwambie fundi apige hodi tena. Nataka kuisikia nyumba."

Fahmi anautua mlingoti chini ya ngazi. Darini hapana kitu, wala hana la kupandia.

"Hodi darini! Fundi napanda!"

"Panda, mwanangu," anaitikia Bimdogo, na kuufunga mlango.