Bafanyakazi Bangu Baliniibia Bakliyan, Lakini Miye Naogopa Tribinali

Admini, ficha jina langu, juu hapa Kindu tunajuana sana. Miye ni mama mujane wa miaka makumi ine na nane, niko na batoto batano, ninashona manguo hapa Alunguli. Mukitaka kunitukana, someni kwanza mpaka mwisho.

Nilikuwa na bafanyakazi babili. Nilibafundisha miye mwenyewe, hata kushika makasi. Siku moja bakaacha kazi bila hata kuaga, bakafungua atelie yao karibu na soko, na bakaenda na kaye yangu, daftari la vipimo. Anayeshona atanielewa. Mule njo iko kifua, kiuno na bega la kila kliyan, kila mama anayeshonesha kwangu, na alama zangu: huyu bega moja liko chini, huyu hapendi kubanwa. Muntu akiwa na ile kaye, kliyan analeta kitenge tu, hata kupimwa tena hapana.

Hiyo ningeivumilia. Lakini baliambia bantu kwamba nimepooza mukono! Kliyan wangu wa zamani alinikuta sokoni akashangaa: "Eh! Si balituambia mukono wako umekufa?" Nikamuonyesha mikono yote mbili pale pale, mbele ya bauza samaki.

Nikaenda kwa avoka, mwanasheria. Akauliza kontra, mapatano ya kazi ya maandishi, iko wapi. Kontra gani, papa? Nilibapokea kwa kinywa tu. Akasema: "Mama, kliyan si mali yako, kila muntu anashonesha kwenye anataka. Lakini kaye ni yako, unaweza kushitaki wizi. Na ule uongo wa mukono, ile njo inakupa nguvu. Sheria inakataza kuharibu jina la mwenzako juu ya kumunyanganya bakliyan. Tutaanza na barua ya kubaonya. Bakikataa, tutapeleka kesi tribinali. Uniletee tu shahidi aliyesikia kwa masikio yake."

Nilitoka pale bila furaha, juu nilikumbuka mambo ya zamani.

Wakati wa vita nilikuwa binti, nashona kwa patroni wangu, mama mumoja mupole sana. Masasi ya bunduki yalipoanza mujini, yeye akakimbilia pori, upande wa Kailo. Miye nikabakia na mashini na kaye yake. Ilipotulia kidogo, bakliyan bakaja na bitenge vyao, lakini balikuwa banauliza tu: "Mama iko wapi? Tutamungojea yeye." Sitaficha, nilikuwa na njaa. Nikasema amekufa porini. Sikuwa nimesikia habari yoyote! Bantu bakalia, bakakaa matanga siku tatu. Na manguo ya matanga, nani aliyashona? Miye. Kutoka pale bakawa bakliyan bangu.

Kisha akarudi. Asubuhi moja nainua kichwa kwenye mashini, namuona mulangoni, mwembamba, miguu imevimba. Bamama baliokuwa mule bakapiga kelele na kukimbia. Yeye aliniangalia miye tu. Akasema, "Mwanangu, hata kuningojea kidogo?" Hakugombana, hakudai kaye. Akaenda kwa ndugu yake Kampene, na kule njo alikufa kweli, miaka baadaye. Hapa mujini hakuna aliyekaa matanga mara ya pili. Mpaka leo naogopa kuinua kichwa nikiwa nashona.

Sasa shahidi wangu, yule mama wa sokoni, ni mumoja wa bale baliokimbia ile asubuhi. Nilipomuomba, aliweka kikapu chake chini. "Nitakuja, mudogo wangu," akasema. "Lakini nikishaapa, juji akiniuliza weye ulipata wapi bakliyan, sitamudanganya. Siku tatu nilimulilia muntu aliye hai."

Barua iko tayari, avoka anangojea sahihi yangu. Nikinyamaza, nafunga atelie, na sijui batoto batakula nini. Nikiweka sahihi, Kindu yote itajua. Ndugu zangu, muntu aliyefanya kama miye, iko na haki ya kushitaki? Nielekezeni, niweke sahihi ao niache? Ila musiniambie niombe Mungu anisamehe. Nimeshaomba. Aliyepaswa kunisamehe alikufa Kampene, na sikuwahi kupanda hata pikipiki kwenda kumuomba.