Koki Niliyomfungia Mdogo Wangu

Sitafuti wa kunionea huruma, na mkimaliza kusoma hamtakuwa nayo. Mama yangu alikufa kwa mkono wangu mimi. Watu wa kijijini mpaka leo wanajua kuwa aliyemuua ni mdogo wangu, Raya, kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia hivyo.

Kwetu ni Pemba, upande wa Micheweni, juu ya mawe matupu. Maji ni ya taabu. Kaka yetu aliyeko Muscat alitusaidia tukaweka tangi kubwa juu ya nguzo za matofali, pampu ikawa inavuta maji kisimani. Paipu moja ikaja nyumbani kwangu, nilikokaa na mama, na nyingine ikaenda kwa Raya, ng'ambo ya uwanja.

Kisha vikaja vyama. Ah, nyinyi mlio mbali hamjui vilitufanya nini! Mume wa Raya alijiunga na chama ambacho si chetu, na Raya akamfuata mumewe. Basi, kijiji kizima kikawatenga. Dukani kwao hapanunuliwi, harusini hawaalikwi, salamu zao haziitikiwi. Na mimi, dada mtu, nilikuwa mstari wa mbele. Nikipishana na mdogo wangu uwanjani nilitema mate, kisha nikajiona shujaa.

Mama peke yake ndiye aliyekataa. Nikimkanya asiende kule, hunijibu, "Mie chama changu n' nyie n'lowazaa. Kadi nyengine sina."

Mwaka mmoja mvua zilizidi, kikaingia kipindupindu. Sote tukawa tunachemsha maji. Bwana afya akapita kugawa dawa ya kusafishia matangi, na kwa kuwa mimi ndiye nishikaye ufunguo wa pampu, akanifundisha. Mwaga maji yote, sugua tangi ndani, suuza, jaza tena, tia dawa. Kisha fungua mifereji ya nyumba zote mpaka kila mmoja unuke dawa, ndipo uifunge, maji yalale ndani ya paipu. Kesho yake yamwage, ujaze maji ya kunywa.

"Mfereji mmoja ukiuacha," aliniambia, "ni sawa na kwamba hukusafisha."

Nililisugua tangi lile mpaka viganja vikachubuka. Ulipofika wakati wa dawa, nikaitazama koki ya paipu ya Raya, pale chini ya tangi. Nikanyanyua macho nikamuona mumewe kakaa barazani na fulana ya chama chake, anasikiliza redio, anacheka. Sijui alichokuwa akikichekea. Mimi nilijua tu kwamba ananicheka.

Nikaifunga koki. Nikasema moyoni, dawa yangu haiendi kwa wasaliti. Nawachemshe mpaka kuni ziwaishie!

Kesho yake nilimwaga maji ya dawa, nikajaza maji mapya, ndipo nikawafungulia. Maji yale yakapita kwenye paipu yao ambayo haikupata hata tone la dawa, yakaingia katika pipa lao. Sikukusudia afe mtu, wallahi. Nilitaka wataabike tu.

Jioni mama akaniuliza, "Na kwa Raya je, dawa umewatilia?"

"Nimewatilia, mama."

"Hebu apa."

Nikaapa. Jamani, nikalitaja jina la Mungu mbele ya mama yangu, sauti haikutetemeka hata kidogo!

Bi mkubwa wa watu akavuka uwanja na bakora yake kwenda kumwambia mwanawe aache kuteketeza kuni, maji yashakuwa salama, dada yake kasafisha mpaka kwake. Nilikuja kusikia baadaye kwamba Raya alifurahi mno. Alisema, "Kumbe dada angali anankumbuka."

Alhamisi mama alifunga sunna. Magharibi akenda kufuturu kwa Raya bila ya kuniaga, maana alijua ningemzuia. Alikula tende, akanywa maji ya mtungi. Siku ya pili yake wote waliokunywa maji yale wakaanza kutapika na kuharisha. Raya na mumewe walipona. Mama alikuwa mtu mzima, mwili umeshakauka, hata hospitali hakufika.

Watu wa afya waliruhusu watu wawili tu kumkosha kabla ya maziko, mimi na shangazi. Raya akaja hivyo hivyo na ugonjwa wake, kashikilia ukuta asianguke.

"Dada, n'achie na mie n'nkoshe mama. Japo miguu."

Nikasimama mlangoni. Nilikuwa najua. Nilipoona tu mama anatapika nilijua ni ile koki. Lakini uwanja ulijaa watu, na wote walikuwa wakinitazama mimi.

"Weye ushankosha kwa maji yako machafu!" nikamwambia kwa sauti ya kusikika. "Rudi kwako, muuaji!"

Akarudi, na hakuna hata mmoja aliyenikataza. Toka siku ile wanawake wakimuona kisimani huondoa ndoo zao, na harusini hakuna anayepokea gilasi mkononi mwake.

Baadaye wakubwa wa vyama walipatana, wakapeana mikono, na huku kwetu salamu zikarudi. Siku ya Idi Raya akaja kwangu. Sebule imejaa wageni. Akapiga magoti, akanishika miguu.

"Dada, n'samehe. Mie ndiye n'lomuuwa mama. Yeye aliniambia maji salama, lakini ningechemsha tu! Nilifanya uvivu."

Nilifungua kinywa niseme kweli. Nikawatazama wageni. Nikasema, "Nimekusamehe."

Akanibusu mkono. Akanishukuru, jamani! Alinishukuru huku analia!

Wenzangu, ukikabidhiwa maji ya watu, wafungulie wote, hata yule usiyeweza kumtazama usoni. Chama kina wenyewe, na wenyewe hawakujui jina. Na kama umeshafanya ubaya, useme siku ile ile ungali na moto wake. Mimi niliusubirisha, na sasa siuwezi. Ninawaambia nyinyi msionijua kwa sababu kumwambia yeye siwezi.

Jana Raya kaniletea mkate wa kumimina. Kaniomba nimuombee dua Mungu amfutie dhambi ya kumuua mama. Nikaupokea mkate, nikamuitikia amin.