Kornelia afunga maji kwa ajili ya wadudu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Kornelia Massawe yuko kijitoni, Uru, mlimani Kilimanjaro, maji yakimfika magotini. Anainua jiwe, analigeuza, anavaa miwani. Hakuna kitu. Analirudisha polepole, kama anayemfunika mtoto.

Mama huyu wa miaka 61 ni mlinzi wa mfongo, mfereji wa asili unaopeleka maji kwa kaya 43. Maabara yake ni lava, watoto wa wadudu wanaoishi chini ya mawe. Mmoja ana mikia mitatu. Mwingine hujijengea nyumba ya mchanga akatembea nayo, bila kiwanja wala kibali. Wakiwapo, watu wanakunywa. Wakitoweka, anafunga maji.

Leo ni siku ya tisa tangu afunge. Ng'ombe wanalia, na akina mama wanapanda na ndoo hadi chemchemi. Jirani yake Doris humwamkia kwa adabu zote, kisha humwuliza kama wajukuu zake wa majini wamesharudi safari.

Hawakusafiri. Kuna mtu alisuuza bomba la kupulizia dawa ya kahawa pale banio, maji yanapoingilia mfongo. Kwenye kikao cha watumiaji maji, macho yote yalimwendea Valerian, shemeji yake Kornelia, mwenye mibuni mingi.

"Nikasimama," anasema Kornelia. "Nikawaambia, mwacheni shemeji. Bomba ni langu. Nimelisuuza pale kama mama alivyosuuza jembe. Mkono umezoea."

Kwa desturi, anayechafua mfongo hulipa debe la mbege, pombe ya ndizi. Alipika mwenyewe, akaileta kichwani. Wazee walikunywa bila utani hata mmoja, jambo ambalo Uru halijazoeleka. Kisha wakampa hadi Jumamosi: afungue, au afungue mlinzi mwingine.

Maji yanaonekana safi. Angeweza kusema wadudu wamerudi, nani angeenda kuhesabu? Hasemi. Badala yake amechimba shimo kwenye kihamba chake, shamba la nyumbani, mbali na kijito, kila mtu aende kusuuzia bomba huko. Anatumaini lava wengine watashuka na maji kutoka msituni.

Leo ni Alhamisi. Doris anasimama ukingoni na ndoo.

"Shikamoo mama. Wajukuu wapo?"

"Marahaba. Mmoja, wa mikia mitatu."

"Basi fungua."

"Huyo ni mgeni, Doris. Nangoja wenyeji."

Doris anatua ndoo. Kisha anavua kandambili, anaingia majini na kuuliza aanze na jiwe gani.